Tuwafundishe watoto kujenga hoja

Ndugu mzazi, nikisoma insha za watoto wetu wa darasa la tano na la sita naona wengi wanajua kuomba, hawajui kushawishi. Mwambie mmoja amwandikie mwalimu mkuu kuhusu choo cha shule kisicho na maji. Ataandika: “Tunaomba sana, tunateseka.” Hayo ni malalamiko, si hoja.

Mimi nashauri hatua nne. Kwanza, aseme anachotaka kwa sentensi moja. Pili, atoe sababu mbili, kila moja na ushahidi wake: kwa mfano, ahesabu ni wanafunzi wangapi hutoka nje ya shule kutafuta maji wakati wa mapumziko. Tatu, ajiulize mwalimu atamjibu nini. Akisema hakuna fedha, mtoto apendekeze ndoo yenye koki, ijazwe kwa zamu. Nne, akusomee kwa sauti, nawe umpinge bila kumkejeli, kisha aandike upya.

Tusiwaandikie sisi. Mtoto aliyezoea kutoa sababu hatanyamaza akidhulumiwa, wala hatamfuata kila mwenye sauti kubwa.