Msiulaumu Mtambo: Maswali ya Redio Ndogo za AM

Barua hizi zimetoka kwa wasomaji wetu wanaoendesha vituo vidogo vya AM nchini Marekani. Zinazofanana nimezijibu kwa pamoja.

Wasikilizaji wa pembezoni hawatupati tena, lakini mita ya mtambo inaonyesha kilowati moja ileile. Tuongeze nguvu? (Barua kadhaa)

Msithubutu, na aliyewashauri hivyo asilipwe. Kwenye AM mnara wenyewe ndio antena, na nusu yake imezikwa: nyaya za shaba, kwa kawaida 120, zinazotawanyika kutoka kitako cha mnara. Wezi wakizing'oa, mita ya mtambo haiwaambii kitu. Inapima nguvu inayoingia kwenye antena, si inayofika hewani.

Pigeni hesabu. Mnara wa robo wimbi una ukinzani wa omu 36 hivi. Ardhi yenye shaba nzima ikiongeza omu 2, asilimia 95 ya nguvu inaruka hewani. Shaba ikiibwa, omu 2 zikawa 20, inabaki asilimia 64. Nyingine yote inapasha udongo joto. Ampea za kitakoni zinashuka kutoka 5.1 hadi 4.2. Hapo ndipo fundi wa kubahatisha anapoharibu: anapandisha nguvu mpaka 5.1 irudi, kumbe sasa anasukuma karibu kilowati moja na nusu. Kanuni haziruhusu kuvuka asilimia 105 ya nguvu ya leseni. Mmevunja sheria, mtambo mmeuchosha, na shaba bado haipo.

Fukueni kitakoni mtafute ncha zilizokatwa kwa koleo. Rudisheni nyaya, pimeni ukinzani upya, vipimo vipelekeni FCC, tume ya mawasiliano. Na huyo anayewauzia chumvi ya kumwaga chini ya mnara, mfukuzeni. Chumvi inakula shaba.

Kwa nini tushushe nguvu jua likizama? Tunasikia ni njama za vituo vikubwa.

Njama ya jua, labda. Mchana tabaka la chini la ayonosfia humeza mawimbi ya AM yanayopanda angani. Usiku tabaka hilo hutoweka, na mawimbi huakisiwa na matabaka ya juu yakatua mamia ya kilomita mbali, juu ya matangazo ya mwingine. Ukisahau kushusha, mara nyingi unayemvuruga ni redio ndogo kama yako.

Taa ya juu ya mnara imezimika Ijumaa. Tumngoje fundi Jumatatu?

Fundi mngojeeni, rubani hawezi kungoja. Ikipita nusu saa haijawaka, iarifuni FAA, mamlaka ya usafiri wa anga, papo hapo.

Kufuli la uzio wa mnara limevunjika. Tufunge kwa waya kwa muda?

Hapana. Nunueni kufuli leo. Mtoto akiugusa mnara ataungua.

Fedha zimekwisha. Tukizima, leseni itapotea?

Kuzima si kosa. Kosa ni kuzima kimyakimya. Iarifuni Tume ndani ya siku 10, na ikizidi siku 30 ombeni kibali. Miezi 12 mfululizo bila matangazo, leseni inakufa kwa mujibu wa sheria. Ule ujanja wa kuwasha siku moja kwa mwaka Tume inaujua, na inauangalia mnapoomba kuhuisha leseni. Kama hamna uwezo wa kurusha matangazo, uzeni kituo mngali na cha kuuza.