SOMO: KUBADILISHA TAIRI LA PIKIPIKI NYUMBANI

Ndugu wa bodaboda, tairi kipara huteleza kwenye mvua, na abiria wako ana watoto wanaomngoja. Fanya hivi:

1. Toa gurudumu, toa upepo wote.
2. Paka kingo maji ya sabuni. Bandua tairi kidogo kidogo, usije ukatoboa tyubu.
3. Mshale wa tairi jipya uelekee linakozunguka ukienda mbele.
4. Tia tyubu upepo kidogo kabla ya kuiingiza, isijikunje.
5. Jaza upepo. Egemeza ekseli juu ya marundo mawili ya matofali, zungusha gurudumu polepole. Likisimama sehemu ileile ikiwa chini kila mara, hapo ni pazito: zungushia spoki ya juu waya wa risasi.

Rudisha gurudumu, kaza nati, jaribu breki.

Swali la kikundi: Nani kati yetu bado anabeba watu kwa tairi kipara?