Meno ya Watoto Wetu Yanapobadilika Rangi
Somo la wazazi na walezi



Hivi karibuni tulimwona binti mmoja wa kwaya ya watoto akiimba huku amefunika mdomo kwa mkono. Mama yake alitueleza kwamba meno yake mapya ya mbele yametoka na madoa ya kahawia, na wenzake wanamcheka. Bibi yake, mzaliwa wa kisiwa cha Chula ambaye meno yake ni meupe mpaka leo, anasema hiyo ni laana ya ukimbizi. Baba naye alikuwa ameanza kuyasugua meno hayo kwa mchanga na majivu, hata ufizi ukatoka damu. Kwa sababu nyumba nyingi zetu zina mtoto kama huyu, tumeona heri tujifunze pamoja.

1. Tusitafute mkosaji

Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana hakukubali kosa litafutwe kwa njia hiyo. Nasi tusiwaulize watoto wetu wala mama zao swali hilo. Madoa haya yana sababu inayojulikana.

2. Kwa nini bibi ana meno meupe na mjukuu ana madoa?

Sisi tuliotoka Kismayu na visiwa vya Chovai, Chula na Koyama tulikunywa maji ya birika, yaani maji ya mvua, na ya visima vifupi. Vita vya 1991 vilitutoa. Wengi walipita Lamu na Mombasa, wengine tukafika huku Kakuma. Hapa tunakunywa maji ya visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Maji yanayotoka chini sana katika miamba ya Bonde la Ufa mara nyingi yana madini yaitwayo floridi. Baadhi ya visima vya Kakuma vimewahi kukutwa na floridi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Ndivyo ilivyo pia Nakuru na Naivasha, na kule Tanzania sehemu za Arusha na Meru. Wenyeji wa huko wana meno ya kahawia tangu mababu, nao hawakulaaniwa.

Floridi kidogo hulinda meno, lakini ikizidi huharibu ganda la jino wakati linajengwa. Meno ya ukubwani hujengwa ndani ya ufizi kabla hayajaonekana. Ganda la meno ya mbele hujengwa zaidi katika miaka mitatu au minne ya kwanza, na ya mengine, isipokuwa magego ya mwisho, hukamilika mtoto akikaribia miaka minane. Meno ya bibi yalikwisha kujengwa Chula. Ya mjukuu yamejengwa hapa. Ndiyo maana pia meno ya utoto huweza kuwa meupe, kisha ya ukubwani yakatoka na madoa.

3. Si kila doa ni la maji

Angalieni vizuri kabla ya kuamua:

(a) Doa la floridi huwa kwenye meno mengi, na meno ya kulia hufanana na ya kushoto. Huanza kama mistari au mabaka meupe kama chokaa, kisha mengine hugeuka kahawia. Jino lenyewe kwa kawaida ni gumu.

(b) Jino linalooza huanza na doa jeupe au la kahawia karibu na ufizi au kwenye mifereji ya gego, kisha hulainika na kutoboka. Mtoto anayelala na chupa ya chai ya sukari au maziwa huoza meno ya mbele ya juu mapema. Huyu apelekwe kliniki asisubiri maumivu.

(c) Jino moja lililogeuka kijivu baada ya mtoto kuanguka huenda limekufa ndani. Daktari aliangalie.

(d) Weusi wa juujuu huweza kuletwa na chai au dawa ya maji ya kuongeza damu. Huu husafishika. Msiache dawa hiyo bila kumuuliza mhudumu.

(e) Dawa ya tetrasaiklini, ikitumiwa na mama mjamzito au mtoto chini ya miaka minane, huweza kuyapa meno rangi ya njano au kijivu isiyotoka. Msinunue vidonge dukani kwa kubahatisha.

(f) Jino la chonge lililotoka bovu au lisilotoka kabisa huenda lilichokolewa utotoni. Mtoto akiharisha au akipata homa, wako wanaosema ana "meno ya plastiki", au "ilko dacowo" kwa Kisomali, nao hupasua ufizi kwa kisu au msumari. Kile kinachotolewa ni chipukizi la jino lake halisi. Watoto wamekufa kwa kutoka damu na kwa wadudu walioingia kwenye kidonda. Kuhara kunatibiwa kwa maji ya chumvi na sukari ya kliniki, si kwa kisu. Tunawasihi, jambo hili liishe kati yetu.

4. Tufanye nini?

Madoa ya floridi hayatoki kwa kusugua. Mchanga, majivu, ndimu na dawa ya kufulia hula ganda la jino na kuacha jino likiuma. Madoa mepesi hayahitaji matibabu. Yale mazito daktari wa meno anaweza kuyapunguza kwa kulisugua ganda kidogo kwa dawa maalumu, au kuyafunika kwa kijazio chenye rangi ya jino. Mtoto akikua kidogo, ombeni rufaa.

Kwa wadogo ambao meno yao bado yanajengwa, kinga ipo:

- Mama anyonyeshe. Maziwa ya mama yana floridi kidogo sana, hata kama yeye anakunywa maji ya kisima.
- Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Tena floridi haina ladha wala harufu, kwa hiyo msipime kwa ulimi.
- Mvua ikinyesha, acheni ioshe bati kwanza, kisha kingeni maji. Haya yawe ya kunywa na ya uji wa walio chini ya miaka minane.
- Kamati ya maji iulizwe ni kisima gani kina floridi kidogo, na mtungi mmoja wa watoto utoke huko.
- Mkaa wa jikoni hauchuji floridi. Mkaa wa mifupa uliotengenezwa kitaalamu huchuja. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi.
- Msipikie watoto kwa magadi. Nayo yana floridi.
- Mswaki uendelee asubuhi na usiku. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, na punje ya njegere kwa mkubwa kidogo. Ateme, asimeze.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Maji anayokunywa mtoto wetu mdogo yanatoka kisima gani?
2. Je, tumewahi kumlaumu au kumcheka mtoto kwa sababu ya meno yake? Tumwambie nini leo?
3. Jirani akitaka kumchokoa mtoto "meno ya plastiki", tutamzuia namna gani kwa upole?

Yule baba ameacha mchanga. Binti bado ana madoa yake, lakini bibi amekubali kumwambia mwenyewe kwamba ni maji, si laana. Tunamngojea kwenye kwaya.