JUU YA NINI TUSOME VITABU VYA WATU WENGINE?



Ku klasi tunasikia neno hili mara nyingi: "Mwalimu, kitabu hiki kinaeleza desturi za watu wa mbali. Kiko na faida gani kwetu?" Wamoja wanaongeza: "Ni mambo ya wapagani, yataharibu imani." Maulizo haya ni ya kweli, yanastahili jibu.

Lakini tuangalie kwanza ku nyumba ya kulala. Mutu anakosa sabuni yake. Mbele ya kutafuta, amekwisha kusema: "Ni watu wa kabila ile, njo desturi yao." Lakini hajakula kwao hata siku moja, hajasikiliza wazee wao. Anahukumu bila kujua. Kitabu kizuri kinatuingiza ndani ya nyumba ya mwengine, kinatuketisha, tunasikiliza mbele ya kusema. Hii njo faida ya kwanza. Tuone vitabu vitatu.

1. L'Enfant noir, cha Camara Laye (Guinea)

Kilitoka Paris mwaka 1953. Camara anaeleza utoto wake kule Kouroussa, kati ya Wamalinke. Baba yake ni fundi wa chuma na zahabu, mutu wa heshima. Wao ni Waislamu, na tena wanashika desturi za zamani: nyoka mweusi anakuja ku kiwanda cha baba, na hakuna ruhusa ya kumuua. Hapana lazima tuamini mambo ya nyoka. Lakini soma mwisho: kijana anapata nafasi ya kwenda kujifunza Ufaransa, na mama anakataa kumuachilia. Nani kati yetu aliyeacha kijiji sababu ya shule, asijitambue pale?

2. Le Monde s'effondre, cha Chinua Achebe (Nigeria)

Kiliandikwa kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1958. Kwa Kiswahili kinaitwa Shujaa Okonkwo. Okonkwo, Muigbo mwenye nguvu, anaogopa neno moja: kufanana na baba yake, aliyekuwa mvivu na mwenye madeni. Kwa woga ule anamupiga panga Ikemefuna, kijana aliyemuita baba. Halafu wamisionere wanafika. Bwana Brown anaketi na wazee, anaongea nao kwa uvumilivu. Bwana Smith, anayemufuata, hana uvumilivu ule, na ugomvi unawaka.

Wamoja wanaogopa kitabu hiki sababu kinaonyesha makosa ya misioni. Mujue basi kwamba baba ya Achebe mwenyewe alikuwa mwalimu wa Injili wa misioni ya Anglikana. Na kitabu kinaeleza vilevile juu ya nini Nwoye, mutoto wa Okonkwo, alifuata Wakristo: moyo wake uliumia sababu ya Ikemefuna na sababu ya mapacha waliotupwa porini, na wimbo wa Wakristo ulimutuliza. Mwandishi hakuficha kosa la upande wowote. Imani inayoogopa ukweli ni imani gani?

3. Une si longue lettre, cha Mariama Bâ (Senegal)

Kilitoka mwaka 1979, na mwaka 1980 kikapata zawadi ya Noma, ya kwanza kutolewa. Mama Ramatoulaye, mwalimu wa shule na mama ya watoto 12, anamuandikia rafiki yake barua kisha kifo cha bwana yake. Bwana huyo alikuwa ameoa muke wa pili, kijana, rafiki ya binti yao wenyewe. Sasa ndugu ya marehemu anataka kurizi mujane. Ramatoulaye anakataa, anasema yeye si kitu cha kupitisha toka mukono kwa mukono. Wavulana, musome hiki mbele ya wasichana! Kinasema mambo ya Waislamu wa Dakar, lakini wajane wanalia hata ku makanisa yetu.

NAMNA YA KUSOMA

Ndani ya Matendo 8, yule Muhabeshi alijua kusoma, lakini alihitaji mutu wa kumueleza. Basi musisome peke yenu. Kama biblioteki iko na kitabu kimoja tu, muketi wanne ao watano wa makabila mbalimbali, mumoja asome kwa sauti. Ndani ya kaye, andika:

a) majina ya watu, na neno fupi juu ya kila mumoja;
b) mbele ya kuandika "hii ni vibaya", sababu ambayo wao wenyewe wanatoa;
c) jambo moja linalofanana na kwenu, na jambo moja linalokuhukumu wewe.

MAULIZO

1. Bwana Brown na Bwana Smith wanatofautiana namna gani? Sisi tunafanana na nani?
2. Mama ya Camara alikosa kumukatalia mutoto safari? Eleza.
3. Kwenu wanamutendea mujane namna gani? Uliza wazee kwanza, kisha uandike.

Ulizo la tatu ni ngumu kuliko mengine. Usilijibu ku klasi tu, ulipeleke nyumbani wakati wa likizo.