SOMO: KUJARIBU DAWA MUPYA KWA MUTU
Kusoma: Danieli 1:8-16



Wakati Ebola iliposumbua Kivu ya Kaskazini na Ituri (Agosti 2018 mpaka Juni 2020), mama mumoja aliniuliza: «Papa shemasi, wanganga wanajaribu dawa kwetu. Sisi ni panya?» Ulizo lake ni la haki. Tutafute jibu.

1. Danieli alikubali mwenyewe
Danieli ndiye aliyemwomba mulinzi awajaribu siku kumi, yeye na wenzake watatu, kwa mboga na maji. Kisha walilinganishwa na vijana waliokula chakula cha mufalme. Basi kujaribu si zambi. Zambi ni kumujaribu mutu bila yeye kujua na kukubali.

2. Namna ilivyofanyika kwetu
Tangu Novemba 2018, dawa ine zilijaribiwa kwa wagonjwa wa Ebola. Profesa Muyembe alikuwa kati ya viongozi wa kazi hiyo. Mugonjwa alielezwa kwanza, kisha akakubali. Kwa mutoto, muzazi alikubali. Dawa ya kila mutu ilichaguliwa kwa kura, pasipo upendeleo. Hakuna aliyepewa dawa ya uongo.

Watu wengine waliwekwa kuchunguza hesabu. Katika Agosti 2019, walipoona kwamba dawa mbili zinapita zingine, waliomba jaribio lisimame. Kati ya wagonjwa 100 waliopewa dawa hizo mbili, karibu 35 walikufa. Kwa zile zingine, karibu 50 ao zaidi. Kuendelea kugawa dawa zaifu kungekuwa kosa.

Tena mujue: moja ya dawa hizo mbili ilitoka katika damu ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit, mwaka 1995. Mukongomani alisaidia kuokoa wengine.

3. Kazi yetu
Usitie sahihi kwa jambo usilolielewa. Uliza: Dawa hii inaweza kuniumiza namna gani? Nikikataa, nitatunzwa bado? Jibu la haki ni ndiyo. Lakini usieneze uvumi. Katika Februari 2019 vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na wagonjwa ndio waliopata hasara.

Nao wenye kutengeneza dawa wana deni: dawa iliyojaribiwa kwa mwili wa masikini imurudilie masikini.

Ulizo la kuzungumuza nyumbani: Je, ungekubali? Kwa sababu gani?

Bwana awabariki.