Shangazi, nibaki nilinde nyumba wenzangu waende Rombo?

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tumepanga ghorofa ya pili huku Sinza, Dar es Salaam. Kila Desemba tunakwenda Rombo kwa wakwe zangu kwa wiki tatu, na mama mkwe ameshaanza kuuliza tutafika lini. Lakini mwaka huu moyo wangu mzito.

Mwaka jana tuliondoka saa kumi alfajiri kuwahi basi Mbezi. Maji yalikuwa yamekatika tangu jana yake. Mtoto wangu mdogo alifungua bomba la jikoni anawe uso, maji hayakutoka, akaliacha hivyohivyo. Ndani ya sinki kulikuwa na vikombe na kitambaa cha kuoshea vyombo. Siku ya tatu, usiku, maji yakarudi. Yakafurika jikoni, yakaingia sebuleni, yakapenya sakafu hadi kwa jirani wa chini. Dari lake la jipsamu likaporomokea makochi na godoro la wanawe. Kule kijijini mtandao unakuja na kuondoka, nilipopatikana kwenye simu ilishakuwa saa nne asubuhi. Ufunguo hakuna aliyekuwa nao. Mlinzi akafunga maji ya jengo zima, fundi akavunja kitasa.

Tuliporudi mume wangu alimlipa fundi wa kitasa, na mwenye nyumba akatengeneza dari. Mimi nilishuka nikampa jirani pole, nikamwambia ni bahati mbaya, maji yalirudi bila taarifa. Tangu siku hiyo haitikii salamu yangu. Tukikutana kwenye ngazi anageuza uso.

Sasa mwenye nyumba anasema tukisafiri tena lazima tumwachie ufunguo. Mume wangu amekataa katakata, maana nyumba tuliyopanga mwanzo mwenye nyumba alikuwa akiingia tukiwa kazini. Nimeanza kufikiri nibaki mimi nilinde nyumba, baba na watoto waende. Tena kodi yetu ya miezi sita inaisha tarehe 5 Januari, tukiwa bado huko. Nifanye nini, Shangazi?

Mama wa Sinza

*

Mwanangu,

Nenda Rombo. Mama mkwe anayeuliza mtafika lini anakuhesabu, na watoto kukaa na bibi yao huku mama yao amebaki Dar akilinda bomba la maji ni jambo litakalozua maneno mengine ambayo hutaweza kuyaeleza kwenye simu. Nyumba inaweza kukaa wiki tatu bila wewe. Ila kuna kazi ya kufanya kabla, na kazi ya kwanza haiko ndani ya nyumba yako. Iko ghorofa ya chini.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwomba jirani yako msamaha. Sikupaona. Ulimpa pole. Pole tunampa mtu aliyepatwa na jambo ambalo sisi hatukulileta, kama msiba au homa. Maji yale yalitoka nyumbani kwako, kwenye bomba lako, kwa mkono wa mwanao. Ulipomwambia ni bahati mbaya, yeye alisikia kwamba humo ndani hakuna mwenye kosa. Kitasa chenu kililipiwa, dari likatengenezwa kwa sababu ni mali ya mwenye nyumba, lakini godoro la wanawe na makochi yake hukuandika kama kuna aliyeyagusa. Nadhani hicho ndicho anachokigeuzia uso.

Shuka jioni moja, mapema, si siku ya kufunga mabegi. Nenda na mumeo. Mwambie: jirani, mwaka jana tulikukosea, tuliacha bomba wazi, tukaondoka bila kumwachia mtu ufunguo, na tuliporudi hatukukuuliza umepoteza nini. Kisha muulize, na mnyamaze amalize kusema. Kama godoro alishanunua jingine, toeni mnachoweza, hata kama ni kidogo kidogo hadi Machi. Najua Januari ina ada na sare za shule, naye anajua, ana watoto pia. Kiasi mtakachotaja kitimizeni.

Halafu, akikubali msamaha, mwombeni ashike ufunguo.

Nasikia mumeo akiguna. Lakini fikirini wote wawili: katika jengo lile lote, nani atakayesikia tone la kwanza? Mwenye nyumba haishi hapo. Mlinzi yuko getini. Jirani wa chini ndiye atakayelala chini ya dari lile wiki zote tatu, na hakuna mtu Sinza nzima mwenye sababu kubwa kuliko yake ya kupanda mbio na kufunga koki. Zaidi ya hapo, kumpa mtu ufunguo wa nyumba yako ni kumwambia unamwamini, na hilo halina namna nyingine ya kusemwa vizuri hivyo.

Zamani nilipanga chumba Magomeni, katika nyumba ya Kiswahili, vyumba sita vinatazamana ukumbini. Mtu akisafiri, nyumba nzima inajua: ufunguo unabaki kwa mama wa chumba cha pili, ndoo zinafunikwa na mwenzio, mvua ikivuja kuna mtu wa kusogeza kitanda. Nilipohamia nyumba za ghorofa ndipo nilipoona mtu anasafiri mwezi mzima na wa mlango wa pili hana habari. Kuta zimekuwa nene, lakini maji na moshi bado vinapita kama tuko chumba kimoja. Hilo linanisikitisha kila Desemba, barua za namna yako zinapoanza kuja.

Kuhusu mwenye nyumba, woga wa mumeo una msingi na sitaki aupuuze. Mtu akishaingiliwa nyumbani kwake bila hodi, hasahau. Lakini mwenye nyumba naye ana haki ya kujua kwamba nyumba yake itakaa tupu, hasa baada ya dari lile. Mwandikieni ujumbe mfupi wa simu, muuhifadhi: tunasafiri kuanzia tarehe fulani hadi fulani, ufunguo uko kwa jirani wa chini, likitokea la dharura uingie pamoja naye, na mtupigie kwanza. Waachieni jirani na mlinzi namba mbili, yako na ya shemeji au jirani wa huko kijijini ambaye simu yake inashika mtandao. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mkataba, pete na fedha msiviache ndani. Chukueni au vipelekeni kwa ndugu.

Na kodi ilipeni kabla ya kuondoka, au zungumzeni naye mkubaliane tarehe kwa maandishi. Mpangaji ambaye simu haipatikani, mlango umefungwa na kodi imepita siku, mwenye nyumba humwaza vibaya hata kama hana nia mbaya. Chukueni risiti.

Sasa twende kwenye koki. Nyumba nyingi za ghorofa zina koki ya kufunga maji ya nyumba yako peke yako, jikoni chini ya sinki, bafuni juu karibu na dari, au nje kwenye korido kando ya mita. Itafuteni wiki moja kabla. Nasema wiki moja kwa sababu koki ambayo haijazungushwa miaka mitano imeshika kutu, na ukiilazimisha usiku wa safari inaweza kukatikia mkononi. Ikigoma, mwite fundi bomba akiwa na nafasi ya kuibadilisha, na mjulishe mwenye nyumba kwa kuwa ni kifaa cha nyumba yake. Siku ya safari uifunge, kisha ufungue bomba la jikoni: maji yatatiririka kidogo, yapungue, yakatike kabisa. Yakiendelea kudondoka, koki haifungi, na hiyo ni habari ya kuijua ukiwa Sinza, si ukiwa Rombo. Ukisharidhika funga mabomba yote, moja moja, kwa mkono wako wewe mtu mzima, hata kama maji yamekatika. Tena ondoa kila kitu kwenye sinki, tundu libaki wazi.

Hata bomba likiwa limefungwa, mipira myembamba inayopeleka maji kwenye tangi la choo na mashine ya kufulia hupasuka maji ya mgao yanaporudi usiku kwa kasi. Ndiyo maana nasisitiza koki kuu. Na jirani mpandishe mara moja umwoneshe ilipo, aizungushe mwenyewe. Ufunguo mkononi mwa mtu asiyejua koki iko wapi ni nusu ya msaada.

Maji yaliyobaki ndani nayo yana habari yake. Sisi wa Dar tunahifadhi maji kwenye ndoo na mapipa kwa sababu ya mgao, na jiji hili liliugua dengue mwaka 2014, likaugua tena 2019. Mbu wake huuma mchana na hupenda maji yaliyotulia, ya ndoo na ya visahani vya maua. Wiki tatu zinamtosha kabisa kutoka yai hadi kuruka. Mwaga maji yote, halafu sugua kuta za ndani za ndoo kwa brashi, kwa sababu mayai yake hunata pale usawa wa maji na huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji mengine. Kisha zigeuze juu chini. Kinyume chake, kwenye tundu la kutolea maji sakafuni mwa bafu mimina jagi moja siku ya mwisho. Maji yanayokaa kwenye kona ya bomba lile ndiyo yanayozuia harufu na mende wa shimoni, na kwa joto la Desemba hukauka.

Friji ni jepesi: lizimeni. Msiache samaki mkitegemea umeme. Ukikatika siku mbili ukarudi, samaki ataoza kisha agande tena, nanyi mtamla Januari bila kujua. Friji likiwa tupu, lipanguswe, mlango uachwe wazi kidogo, kitambaa kimewekwa ubavuni usijifunge. Na kilichomo, samaki, mboga, maziwa ya watoto, kimpelekee jirani wa chini siku moja kabla. Usikifanye kuwa malipo ya godoro. Mpelekee kama majirani wanavyopelekeana.

TV na redio zichomolewe kwenye soketi, maana umeme unaorudi kwa nguvu huunguza vyombo hata vikiwa vimezimwa kwa rimoti. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye regulata, si kwenye jiko peke yake. Takataka zitoke siku hiyohiyo. Madirisha ya kusukuma yafungwe hadi mwisho, mvua za vuli zinaweza kuwa bado zipo na upepo huzipitisha kwenye reli. Luku isikusumbue. Mkihitaji umeme mkiwa huko, mnanunua kwa simu na kumtumia jirani zile tarakimu 20 aziingize. Na wewe mwenyewe, tafadhali, picha za migomba na wajukuu ziweke kwenye stetasi mkisharudi. Wanaoziona si ndugu peke yao.

Mwanao mdogo usimwache nje ya haya. Usimkumbushe kosa la mwaka jana, alikuwa mtoto anayetaka kunawa uso. Mpe kazi: yeye ndiye mkaguzi wa mabomba. Mshike mkono mzunguke naye, aguse kila bomba na kusema limefungwa. Ataifanya kwa bidii kuliko ninyi.

Mkirudi, mtakuwa mmechoka, watoto wamelala mabegani, kuna mkungu wa ndizi mshare kwenye buti la teksi. Kabla ya kupanda kwenu, gongeni mlango wa chini. Mpeni chane zake, mchukue ufunguo, mmuulize usiku wake ulikuwaje chini ya dari lile.