Paka wa Ndani na Kochi la Mkopo

Leo nina swali moja tu mezani, maana limenifikia kwa sura nyingi, na kila anayeuliza anaona haya kidogo, kana kwamba kutaka paka ni mambo ya watu wenye hela. Aliyelieleza vizuri kuliko wote ni mdogo wangu mmoja wa Sinza. Nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Watoto wanamlilia paka, panya wanakimbizana darini usiku kucha, na yeye mwenyewe roho inataka. Ila sebuleni kuna kochi jipya la kitambaa, limenunuliwa kwa mkopo wa kikoba, na marejesho hayajaisha. Mume kasema neno moja tu: "Atalichana."

Shemeji yuko sahihi. Atalichana. Tuanzie hapo, kwa sababu wapenda paka tuna tabia ya kuficha aibu zake kama mama anayemtafutia mwanawe mchumba.

Paka haparuri kwa ukorofi. Akiparura anabandua ganda la nje la ukucha lililochakaa, ananyoosha mgongo na mabega, na anaacha harufu yake, maana nyayo zake zina vitezi vya harufu. Kwa hiyo ukimchapa hataacha, atasubiri utoke. Anachokitafuta ni kitu kizito kisichoyumba, chenye kitambaa kinachoshika kucha, na kiwe pale watu wanapokaa. Sasa niambie, hapo kwako kitu hicho ni kipi? Wala haanzi katikati ya kochi mkamwona. Anaanza kwenye kona ya mkono, upande wa ukutani, anavuta uzi mmoja leo, mwingine kesho, mpaka siku mnasogeza kochi mfagie ndipo mnakutana na sponji.

Dawa yake ni kumpa kitu kitamu kuliko kochi, na kukisimamisha kwenye kona ileile anayoitaka, si kukificha uani. Yale magogo ya paka yanayouzwa madukani kwa bei ya kutisha, mengi yamezungushiwa kamba ya katani. Katani jamani! Miche yake aliileta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, Tanga ikajengeka kwa zao hilo, halafu leo tuuziwe kamba ileile kwa bei ya mapambo? Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua kamba ya katani. Fundi seremala akukatie gogo refu kiasi kwamba paka mzima akisimama kwa miguu ya nyuma na kujinyoosha asilimalize, akalipigilie kwenye ubao mpana lisiyumbe. Likiyumba mara moja tu, amelisusa. Kamba ikianza kuchakaa usiitoe, hapo ndipo anaipenda. Na kila baada ya wiki mbili hivi mpunguze kucha, ile ncha nyeupe peke yake. Sehemu ya waridi ndani ina damu.

Kochi basi lina nafasi ya kupona. Kitu ambacho hakuna aliyenitajia, na mimi ndicho kinachonitia hofu zaidi, ni chandarua. Paka mdogo akiona chandarua kinaning'inia anaona ngazi. Atapanda mpaka juu, kucha zitanasa, atahangaika kujinasua, na atakuachia mchano mrefu kuliko mkono wako. Mbu hahitaji mlango mkubwa hivyo. Malaria ya mtoto mmoja itakutoa fedha na usingizi kuliko kochi zima, kwa hiyo asubuhi kifunge chandarua fundo juu, na mlango wa chumba cha kulala ubaki umefungwa mpaka azoee nyumba. Wavu wa dirishani nao ni hivyohivyo. Ndege akitua kwenye nondo, paka anarukia. Ule wavu wa plastiki unatoka kwenye fremu, na kama mnakaa ghorofani, paka anatoka nao. Ulizia bei ya wavu wa chuma kabla hujamleta, hiyo ni sehemu ya bei ya paka.

Haja zake sasa. Beseni pana, mchanga mkavu au maranda ya kwa seremala, mbali na chakula chake, na uchafu uzolewe kila siku. Paka anapenda usafi kuliko baadhi ya wapangaji wenzetu. Beseni likinuka atakwenda kwenye zulia. Akianza kukojoa ovyo ilhali beseni ni safi, mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza kabla hujamwita mchafu. Dume asiyehasiwa ni habari nyingine: anarusha mkojo ukutani kuweka mipaka, na harufu ile hata wageni wataisema. Ahasiwe akiwa na miezi minne hadi sita. Jike naye afungwe kizazi umri huohuo, maana mimba yake ni kama miezi miwili tu, na anaweza kuibeba kabla hujamaliza kumwita mtoto.

Mkojo ukimwagika, osha kwa maji na sabuni kisha pitisha siki. Usimwage jiki juu yake, ile hewa inayotoka inabana kifua. Na zile dawa za kudekia zinazogeuka nyeupe kwenye maji ziangalie sana, nyingi ni sumu kwake: anakanyaga sakafu, halafu analamba miguu. Panadol pia usijaribu kumpa hata kipande, inaua paka.

Tunaoswali, paka mwenyewe si najisi, hilo tumefundishwa tangu madrasa. Mkojo wake ndio najisi. Mswala ukunjwe uingie kabatini.

Mwenye mimba asizoe beseni. Kuna vimelea vinavyotoka na kinyesi cha paka ambavyo vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vinachukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, na ndiyo sababu nyingine ya kuzoa kila siku. Lakini mtu asikuambie umtupe paka kwa sababu umeshika mimba. Vimelea hivyohivyo vimo kwenye nyama isiyoiva, na mishikaki ya nusu moto hamjaiacha.

Haya, nani atazoa? Hapa ndipo ninapowabana wote mnaoniuliza, maana mnauliza kuhusu vitu na mimi naulizia mikono. Watoto watazoa wiki ya kwanza. Dada wa kazi hakuajiriwa kwa ajili ya paka, na akiondoka ghafla, kama wanavyoondoka, beseni linabaki. Paka wa ndani akitunzwa anafika miaka 12, 15, hata 18. Mkopo wa kochi utaisha, kochi lenyewe litakwisha, aliyeko darasa la tatu leo atakuwa kazini, na paka bado anadai mchanga safi. Ukijiona wewe mwenyewe na kijiko mkononi kila asubuhi bila kununa, mlete. Usipojiona, hata kama kochi lako ni la mbao tupu, acha.

Na usimlete kwa kumshtukiza shemeji. Siku ya ugomvi atakayelipa ni paka. Wale wanaozurura soko la samaki wakigombania matumbo, wapo waliokuwa na majina na mito ya kulalia. Mwenye nyumba naye aulizwe, na jibu lake liandikwe.

Suala la panya: usimnyime chakula ukidhani njaa itamfanya awinde. Aliyeshiba anawinda vilevile, na mwenye njaa anaiba mboga jikoni. Ugali na mchuzi havimtoshi, lazima ale nyama au samaki, la sivyo macho na moyo vinaharibika. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha wengi wao. Ila ukishakuwa na paka, sumu ya panya iishe kabisa humo ndani, maana panya aliyekula sumu akiliwa, paka anaondoka naye.

Mdogo wangu wa Sinza, kwa ulivyonieleza, mimi nasema mchukue, lakini si mchanga. Tafuta wa mwaka mmoja au miwili. Hamu ya kupanda chandarua imempungua, na anayekupa ataweza kukuambia anaparura nini na anajisaidia wapi. Mfanyie chanjo ya kichaa cha mbwa, maana na yeye anakipata. Kochi livalishe shuka nene iliyobanwa vizuri, gogo la katani lisimame kwenye kona kabla hajafika.

Jina waachie watoto, ila uwaonye mapema. Umesema shemeji ni Yanga damu. Wakimwita Simba, hapo sina ushauri.